Miguu Minne Chini

Wiki ya tatu sasa nalala nikisikia mnyororo. Jirani yetu wa upande wa chini, hapa Bigwa, Morogoro, ana mbwa dume wa miezi minane, mwekundu kama tofali, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mwezi uliopita geti lao liliachwa wazi asubuhi, mbwa akachomoka mbio akamrukia mtoto wa darasa la pili aliyekuwa njiani kwenda shule. Hakumng'ata. Alimwekea miguu ya mbele kifuani akamlamba uso, mtoto akaanguka chali kwenye matope, madaftari yakatawanyika. Ukelele alioupiga mtoto yule ulitutoa wote nje. Jioni ile ile mbwa akafungwa mnyororo kwenye mwembe, na mpaka leo hajafunguliwa. Anazunguka shina, mnyororo unajikunja, anakwama, analia. Nilipomuuliza mwenyewe, alinijibu kwa uchungu: "Mwalimu, huyu hana adabu. Nikimfungua, kesho nitaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa."

Mnyororo ule unanikumbusha Bobi. Kila usiku namkumbuka, na nimeona niyaandike yaliyotupata naye, maana ni mbwa wengi mno wanaofungwa, wanaopigwa, wanaotelekezwa sokoni au kulishwa sumu kwa kosa moja tu: kusalimia vibaya.

Bobi aliletwa kwetu Machi 2014, masika yameshaanza, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Alikuwa na wiki nane. Mama yake mbwa wa kienyeji, baba yake, tuliambiwa, Jemani shepadi wa Kihonda. Alienea kwenye viganja vya mume wangu. Kila aliyeingia nyumbani alirukiwa magotini, na kila aliyerukiwa aliinama, akamnyanyua, akambembeleza. Mtoto wangu wa mwisho, wakati huo yuko darasa la tano, alimfundisha kabisa: anajipiga mapaja, anaita "Bobi, hopa!", na Bobi anaruka. Tulicheka mpaka machozi.

Kufikia Septemba tulimpima kwenye mizani ya muuza mahindi, akawa na kilo 26. Yeye hakujua kwamba amekua. Alikuwa akifanya lile lile lililompatia mapenzi tangu siku ya kwanza, ila sasa miguu ilifika kifuani, kucha zilichana kanga, na watu waliacha kucheka. Tabia ile tuliipanda sisi, tukaimwagilia sisi, ilipozaa tukamgeuzia mbwa kibao.

Mbegu yenyewe, hata hivyo, mbwa huzaliwa nayo. Mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, ambao ndio wahenga wa mbwa wa nyumbani, na hata hawa wa kwetu wenye mabaka wanaoishi Selous, hulea watoto kwa namna moja: wakubwa wakirudi mawindoni, watoto huwakimbilia na kuwalamba pembe za midomo, na wakubwa huwatapikia nyama. Mdomoni ndiko kwenye chakula, na ndiko kwenye salamu. Mbwa wa nyumbani amebaki na desturi hiyo hata kama hajawahi kutapikiwa kitu. Tatizo ni kwamba mdomo wa binadamu uko juu, mbali na pua yake, na njia ya kuufikia ni kuruka. Nilipoyajua haya nilianza kumtazama Bobi kwa jicho jingine. Mtoto wa binadamu naye hazaliwi akijua shikamoo. Huvuta sketi ya bibi yake, humrukia mgeni mapajani, mpaka mtu amkalishe na kumwelekeza, siku baada ya siku, kwamba mkubwa husalimiwa hivi.

Lakini niliyajua nimechelewa. Kabla yake kulikuwa na Maalim.

Ilikuwa Ijumaa ya Oktoba, saa sita na nusu mchana. Maalim wa madrasa ya mtaani kwetu alikuwa akipita mbele ya geti kwenda msikitini. Kanzu nyeupe imenyooshwa pasi, udi unanukia mpaka kibarazani nilipokaa. Bobi alipenya chini ya waya wa uzio. Nikamwita, nikamwita tena. Alipomfikia alisimama kwa miguu ya nyuma, akaibandika ile ya mbele, yenye matope, kwenye kifua cha kanzu, akaulamba mkono uliokuwa ukijaribu kumzuia. Nami nikasema wanayosema wenye mbwa wote: "Usiogope, Maalim, hana neno huyo, anacheza tu!"

Maalim hakuapiza wala hakumpiga. Alisubiri mpaka nimemshika Bobi, akanitazama, akageuka akarudi kwake. Katika madhehebu ya Shafii, wanayofuata Waislamu wengi wa pwani na wa huku kwetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Akavue, ajioshe, atafute kanzu nyingine. Sala ya Ijumaa ilimpita.

Jioni mimi na mume wangu tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha kahawa na kashata. Akatuhadithia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, sina ugomvi na mbwa wako. Ana haki yake ya kuishi. Na mimi nina haki ya kupita njia nikafika niendako."

Sikulala vizuri usiku ule. Lile neno langu, hana neno, lilinirudia likiwa chungu. Nililitoa nikidhani namtuliza Maalim, kumbe nilikuwa najitetea. Yeye hakuuliza kama mbwa ana neno. Anayepita njia anaweza kuwa na udhu wake, au hofu aliyoibeba tangu utotoni, au mimba ya miezi saba, au kidonda cha kisukari mguuni, au suruali yake moja ya kuendea usaili wa kazi. Nia njema ya mbwa haimsaidii hata mmoja wao. Tangu siku ile sijawahi kulitamka tena neno lile, na nikilisikia kwa mwenye mbwa mwingine, moyo hunipasuka.

Somo nilikuwa nimelipata, ila namna ya kumfundisha Bobi sikuwa nayo. Novemba mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Ifakara. Alikuwa na umri wa miaka 71. Aliteremka kwenye bajaji, mkono mmoja kuku, mkono mwingine kifurushi cha mchele, na kabla sijamfikia kumpokea Bobi alikwishafika. Mama alianguka ubavu, kuku akatoroka, mchele ukamwagika. Kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja, ulikuwepo mchubuko mrefu wa ukucha uliotoka damu.

Tuliuosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15, kama nilivyozoea kuwaelekeza wanafunzi wangu, kisha tukampeleka hospitali. Daktari alimtazama mkono akauliza swali la kwanza: mbwa amechanjwa? Nilikuwa na kadi kwenye mkoba. Bobi alikuwa amechanjwa Juni. Nilivyoitoa kadi ile, mikono ikinitetemeka, ndipo nilipoelewa uzito wake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Virusi vyake hukaa kwenye mate, na huingia kwa kung'atwa, au pale mate yanapogusa mchubuko. Kwa sababu hiyo kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu, na katika maeneo mengi mbwa huchanjwa bure. Mzazi anayemkuta mbwa asiyemjua juu ya kifua cha mwanawe hana nafasi ya kupambanua salamu na shambulio. Akishika jiwe, simlaumu.

Usiku ule mume wangu alikata fimbo ya mpera.

Rafiki yake mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi na mbwa alimpa maelekezo: mbwa akiruka, mpige goti la kifua, mkanyage vidole vya nyuma, asipoelewa, mchape. Tulifanya hivyo wiki tatu. Natumia neno tulifanya kwa sababu mimi nilikuwepo, na nyumba ni yangu.

Iko jioni moja ambayo haijanitoka. Mume wangu anarudi kazini, pikipiki inazimwa, Bobi anatoka nyuma ya jiko mbio. Anaiona fimbo. Mwili wake unagawanyika: mkia unatikisika lakini umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala, tumbo linaburuzwa sakafuni, na nyuma yake anaacha mchirizi wa mkojo kwenye saruji. Anajisogeza hivyo mpaka miguuni kwa mume wangu. Mume wangu anainama amshike ukosi. Na hapo hapo, kama aliyefyatuliwa, Bobi anaruka kumlamba kidevu.

Nilisimama mlangoni na sufuria ya wali mkononi, nisijue niiweke wapi. Kulamba midomo ndiyo salamu ya mbwa, na pia ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Tulikuwa tunampiga kwa kusalimia, naye anatuomba msamaha kwa lugha ile ile ya salamu, nasi tunampiga tena kwa msamaha. Angetokaje humo? Baada ya wiki tatu aliacha kumrukia mume wangu, kweli. Aliendelea kumrukia mtoto, dada wa kazi, muuza maziwa na kila asiyeshika fimbo. Na akaanza kujikunyata kila mkono ulipopanda juu, hata mkono uliokuwa ukimtupia chakula.

Nilikuwa nimefundisha miaka 24 fimbo ikiwa juu ya meza yangu. Darasa langu lilinyamaza nikiwemo na lililipuka nikitoka kuchukua chaki. Nililijua hilo siku zote. Ilibidi nilione kwa mbwa, sakafuni kwangu, ndipo nikubali kulitazama.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikupategemea: kwa panya. Januari 2015 nilikutana sokoni na kijana niliyemfundisha darasa la nne, akaniambia anafanya kazi APOPO, lile shirika lililoanzia Ubelgiji mwaka 1997 na kuweka makao yake hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini, na kunusa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Kila mtu wa Morogoro amesikia habari za panya wale. Wachache tumekaa tukatazama wanavyofundishwa.

Nilikwenda asubuhi, maana panya hawa hufanya kazi kabla jua halijakuwa kali. Kijana alikuwa na kidude kidogo cha plastiki kinacholia klik kikibonyezwa. Panya mdogo, bado mwanagenzi, alikuwa hajui jambo lolote isipokuwa moja: klik ikilia, ndizi inakuja. Klik, ndizi. Klik, ndizi. Mara nyingi, bila kumwomba afanye kitu. Kisha akapelekwa kwenye kitundu chenye harufu inayotakiwa. Alipoingiza pua, klik. Akala ndizi yake kwa mikono miwili, mashavu yakijaa. Akarudi mwenyewe kwenye kitundu. Mafunzo yote huchukua takriban miezi tisa, na mwishoni panya hutembea kwenye uwanja wenye mabomu ya kweli, mwepesi kiasi cha kutoyalipua, akikwaruza ardhi panapostahili. Mmoja wa panya waliozaliwa na kufundishwa hapa, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Katika kazi yote hiyo hapana mahali penye fimbo. Panya hupigwaje, na umpige kwa lipi?

Nilimweleza kijana wangu habari za Bobi: anaruka, nifanyeje aache? Alinyamaza kidogo, kwa heshima, kama mtu anayeogopa kumsahihisha mwalimu wake. "Mwalimu, unataka afanye nini?"

"Nataka aache kuruka."

"Hiyo ni asifanye nini. Mgeni akija, unataka yeye afanye nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi kumi nilikuwa nimemwambia Bobi hapana, acha, toka, shuka, na hakuna siku niliyomwonyesha salamu ninayoitaka. Nilirudi nyumbani kwa daladala nikilifikiria swali lile. Nilipofika getini nilikuwa na jibu: miguu minne chini. Akiweza kukaa, vizuri zaidi. Ila miguu minne iwe chini.

Tulianza kesho yake. Kidude cha kulia hatukuwa nacho, tukachagua neno moja fupi ambalo halitumiki kwa jambo jingine kwake: "Safi!" Malipo yalikuwa dagaa wa Kigoma, mmoja akikatwa vipande viwili, kwa sababu Bobi alikuwa tayari kufanya lolote kwa dagaa. Siku mbili za kwanza hatukudai chochote. Safi, dagaa. Safi, dagaa. Kama panya.

Kisha nilimfunga Bobi kwenye mpera kwa kamba ya mita mbili. Nasisitiza kamba, na kwa dakika kumi tu, mimi nikiwepo, maana kamba ya somo na mnyororo wa kifungo ni vitu viwili. Natoka mlango wa jikoni, natembea kumwendea. Miguu yake minne ikiwa chini, nasonga. Ule wa mbele ukinyanyuka, nasimama, nageuza uso, narudi hatua moja, bila neno lolote. Kumkemea, kumsukuma, hata kumtazama machoni, kwake ni maongezi, na mbwa mwenye kiherehere hufurahia maongezi yoyote. Akitulia, nasonga tena. Nikimfikia akiwa chini: "Safi!", na dagaa namweka sakafuni, katikati ya miguu yake ya mbele, ili jambo jema lipatikane chini na siyo juu. Siku ya kwanza nilichukua dakika saba kuvuka mita sita.

Dada wetu wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Gairo, alikuwa akitutazama kutoka dirishani. Siku ya tatu akaniambia: "Mama, samahani, unachelewa. Ukisema safi, ameshanyanyua mguu." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nasema neno nusu sekunde baadaye, na hivyo namlipa Bobi kwa kuanza kuruka. Nikampa yeye dagaa. Binti yule alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mwalimu yeyote niliyefanya naye kazi. Aliona utulivu kabla haujaonekana, pale mabega ya mbwa yanapolegea, na "safi" yake iliangukia hapo hapo. Mengi aliyoyajua Bobi aliyajua kwa mkono wake. Naliandika kwa sababu wageni waliomsifu mbwa walimsifu mume wangu.

Siku ya nne mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Bobi aliruka kwa nguvu mpya, akabweka, akaning'ang'ania kanga kwa meno mpaka ikachanika. Nilitaka kuacha. Kijana wa panya aliniambia kwa simu nivumilie, kwamba jambo lililokuwa likilipa likiacha ghafla kulipa, kiumbe hulifanya kwa bidii zaidi kabla ya kulitupa. Mtu aliyezoea kufungua mlango fulani akiukuta umekwama, husukuma kwanza kwa bega. Wengi hukata tamaa siku hii hii ya bega, na anayekata tamaa siku hiyo amemfundisha mbwa kwamba dawa ni kuongeza nguvu. Siku ya saba Bobi alikaa, matako chini, bila kuambiwa, akanitazama. Nililia.

Kilichotukwamisha baada ya hapo kilikuwa ndani ya nyumba, tena kilikuwa mapenzi. Mume wangu alikuwa ameitupa fimbo na moyo ulikuwa ukimsuta. Jioni, akiwa na nguo zake za bustanini, alijipiga kifua akaita: "Njoo, Bobi, njoo!", na Bobi akamkumbatia. Alikuwa akimlipa deni la zile wiki tatu. Nilielewa. Lakini Jumapili, kwenye suti ya kanisani, alitaka Bobi ajue kwamba leo hairuhusiwi. Mbwa hajui suti. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa na panya kwamba tendo linalolipwa mara moja moja, bila mpangilio, huwa gumu kufa kuliko linalolipwa kila mara. Wanaocheza kamari wanaliishi hilo kila siku. Mkumbatio mmoja wa Jumamosi uliitosha tabia ya Bobi kuishi wiki nzima.

Tukaitisha kikao cha familia, mezani, baada ya chakula. Sikumlaumu mume wangu mbele ya watoto. Nilimsimulia habari za kanzu ya Maalim tangu mwanzo, naye alizijua, lakini akasikiliza. Tukakubaliana kwamba mapenzi yote ya Bobi yatatolewa chini: anayetaka kumkumbatia achuchumae, au akae naye sakafuni. Mume wangu akaanza kukaa sakafuni kila jioni, mgongo ukutani, mbwa amemwekea kichwa pajani. Deni lake nadhani alilimaliza hivyo.

Wageni walikuwa kazi nyingine. Watu wema husema "mwache tu, mimi napenda mbwa," na hapo ndipo kazi ya mwezi mzima huharibika. Tuliweka kopo la dagaa kwenye nguzo ya geti. Fundi bomba, muuza maziwa, msoma mita, kila mmoja alipewa kipande kimoja na ombi moja: usimguse mpaka miguu iwe chini. Watoto wa mtaani niliwafundisha mimi, nikiwapanga mstari kama darasani: ukimwona mbwa anakuja, usikimbie, usipige kelele, kuwa mti. Mikono imekunjwa kifuani, macho chini, kimya. Mti hauchezi, kwa hiyo mbwa hunusa mizizi akaenda zake. Waliufanya kuwa mchezo. Kuna siku niliwakuta wanane wamesimama barabarani wamekuwa miti, na Bobi katikati yao amekaa, hajui amwangalie nani.

Alirudi nyuma, naam. Mvua za Aprili zilimfungia ndani siku tano, na siku ya sita alimrukia mwanangu mpaka mlango wa sebule. Mbwa kijana asiyetoka hujaa kama mtungi uliozibwa. Tangu hapo ikawa kanuni: alfajiri, mvua au jua, saa moja ya kutembea kuelekea chini ya milima ya Uluguru, anuse kila jani analotaka kunusa. Baada ya matembezi yale somo lilichukua dakika tatu.

Idd el-Fitr ya Julai 2015, Maalim alipita mbele ya geti akiwa na wajukuu wake wawili. Nilikuwa nikifagia. Bobi alitoka mbio kama kawaida yake, mkia juu, na moyo wangu ukasimama. Hatua mbili kutoka kwa Maalim alikaa. Alikuwa akitetemeka mwili mzima kwa hamu, mkia ukifagia vumbi, lakini alikuwa amekaa. Maalim akasimama. Akamtazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Marahaba," akamwambia, akaendelea na safari yake. Nilitupa ufagio nikakimbia kumpa Bobi dagaa, na nilichelewa, na hakujali.

Bobi alikufa mwaka 2023, uzee, chini ya mpera wake. Binti wa Gairo, ambaye sasa ana duka na watoto wawili, alipanda basi akaja kumzika nasi.

Jana jioni nilikwenda kwa jirani. Nilibeba kamba ya mita mbili na dagaa wa Kigoma kwenye kitambaa. Nilimweleza mwenye nyumba, mkewe na watoto wao wanne, wote pamoja, kwa sababu hakuna maana ya kumweleza mmoja. Mtoto aliyeangushwa hakuwepo. Nilikuwa nimempitia kwao kwanza, akakataa kuja, na sikumlazimisha. Mwenye nyumba alifungua kufuli la mnyororo, tukafunga kamba. Shingoni, chini ya manyoya mekundu, ukosi ulikuwa umeacha duara lisilo na nywele.

Nilirudi nyuma mita sita, nikaanza kumwendea. Aliruka. Nikarudi hatua moja. Aliruka mara kumi na moja, nilizihesabu, akilia, akijinyonga kwa kamba, watoto wakitaka kucheka na baba yao akiwakataza. Giza lilikuwa linaingia na mbu wameanza. Mara ya kumi na mbili alisimama kupumua, ulimi nje, akashangaa kwa nini nimenyamaza. Miguu yote minne ilikuwa kwenye vumbi.

"Safi!" nikasema.